Samadi iingie, ila yuria usiifukuze yote

Haya wasomaji wangu, mwezi huu simu yangu imejaa mavi. Samahani kwa lugha ila ndo ukweli wenyewe, ujumbe karibu wote ulioingia ni wa samadi, ya ng'ombe, ya kuku, ya mbuzi, mmoja kaniulizia hadi ya sungura, na sababu naijua, msimu unakaribia na kila mtu kashika kalamu anapiga hesabu ya mbolea. Tangu ule mwaka 2022 DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia, ilipovuka laki kwa mfuko watu walishika adabu, na hata ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23 bei ikashuka, kidonda bado kipo. Nimechagua barua saba, nimezifupisha maana wengine mnaandika kama mnalipwa kwa neno.

Mama wa Mbozi

*Shikamoo bwana shamba. Nalima mahindi ekari mbili, kila msimu naweka DAP mfuko mmoja kwa ekari kupandia na yuria mifuko miwili kukuzia. Nina ng'ombe wanne wa kienyeji, samadi imejaa zizini tangu mwaka juzi. Sasa mume wangu kasikiliza watu huko kaja anasema mwaka huu hatununui hata kilo ya mbolea ya dukani, tunaweka samadi tupu, maana mbolea ya chumvichumvi inaua ardhi. Mi naogopa njaa. Nimwambie nini, na kama ni kupunguza tupunguze kiasi gani?*

Marahaba mwanangu. Huyo mkwe wangu usigombane nae, ana nusu ya ukweli mkononi, shida ni hiyo nusu ya pili.

Chukueni karatasi. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una nitrojeni, kile chakula cha majani, asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko wa DAP una nitrojeni kilo 9 na fosfeti, chakula cha mizizi, kilo 23. Kwa hiyo ekari yako moja umezoea kuilisha nitrojeni kilo 55 na fosfeti kilo 23, sawa? Sasa twende zizini. Samadi ya kienyeji iliyokaa wazi kama ya kwako, ikiwa kavu, nitrojeni yake ni kama asilimia moja tu. Tani nzima ina kilo 10. Na hizo kilo 10 hazitoki zote msimu huu, mahindi yatapata kama theluthi, zingine zinabaki kwenye udongo zinatoka taratibu miaka inayofuata, samadi ni kama mdeni mwaminifu anaelipa kidogo kidogo.

Tuseme mmepata tani mbili kwa ekari. Nitrojeni ya msimu huu ni kilo 6 au 7 hivi. Linganisha na 55. Umeona hiyo njaa unayoiogopa inapotokea? Ukitaka samadi kama hiyo izibe mfuko mmoja tu wa yuria ndani ya msimu mmoja unahitaji karibu tani saba, na ng'ombe wa kienyeji anaelala zizini usiku tu, kwa mwaka unakusanya kwake kati ya nusu tani na tani moja. Ng'ombe wako wanne hawafiki huko.

Lakini sasa angalia upande wa pili ambao watu wengi hawauangalii. Hizo hizo tani mbili zina fosfeti kama kilo 8 hadi 10, na sehemu kubwa yake mmea unaipata mapema. Hiyo inakaribia nusu ya mfuko wa DAP! Kwa hiyo cha kupunguza kwanza ni mbolea ya kupandia, wakati watu wanafanya kinyume, wanabakiza DAP alafu wanakata yuria kwa sababu yuria ndo mifuko mingi, mahindi yakifika magotini yanageuka njano wanasema samadi haifai.

Ushauri wangu kwa msimu huu ni huu, DAP weka nusu mfuko kwa ekari badala ya mzima, yuria acha mifuko miwili kama kawaida. Umeokoa mfuko mmoja wa DAP kwa ekari zote mbili, najua mkwe wangu ataona ni kidogo, mwambie ndo mwaka wa kwanza. Msimu ujao mkiweka tena samadi, na ile ya mwaka huu bado inaendelea kulipa deni, hapo mnaweza kupunguza yuria robo mfuko, baadae nusu. Nusu mfuko wa DAP usiutoe, udongo wa huko kwenu unashikilia sana fosfeti na kuna ubaridi, mche mdogo unataka kitu cha karibu na mzizi pale unapoanza.

Namna ya kuweka sasa. Usimwage shamba zima, samadi ni chache, iingie shimoni. Nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, ekari ina mashimo karibu 9,000. Kopo la nusu lita la samadi kavu ni kama gramu 200 na kitu, kopo moja kwa shimo ndo hizo tani mbili. Kama huna mizani, debe la lita 20 linakuja kilo 10 hivi, kwa hiyo andaa madebe 200 kwa ekari, na ndugu wa kubeba. Weka samadi, rudishia udongo kidogo, DAP kisoda kwa shimo (nusu mfuko ukiigawa kwa mashimo yote inakuja karibu gramu tatu, kisoda kisijae), udongo tena, ndo mbegu. Mbegu isikalie mbolea wala samadi.

Na kitu kimoja naomba msikiruke, mistari kumi katikati ya shamba lima kwa mtindo wako wa zamani, DAP mfuko mzima na yuria yake bila samadi. Mkivuna pimeni mistari kumi ya huku na kumi ya kule kwa debe. Hapo hamtabishana tena kwa maneno ya watu.

Kuhusu mbolea ya dukani kuua ardhi, mwambie mkwe wangu hivi. Kinachochosha ardhi ni kuvuna bila kurudisha. Kila gunia la kilo 100 la mahindi linaondoka na nitrojeni kama kilo moja na nusu, alafu mabua mnachoma, yuria peke yake inalisha mahindi ila haiurudishii udongo ule weusi wake, udongo unakuwa kama unga, mvua ikinyesha maji yanakimbia. Hapo samadi haina mpinzani, inashika maji, inaleta potashi, inaleta zinki na vitu vidogo vidogo ambavyo mfuko wa yuria hauna kabisa. Na wazee wetu walilijua hili, Wakara wa kisiwa cha Ukara pale Ziwa Victoria walikuwa wanafungia ng'ombe ndani wanawakatia majani, samadi yote inapelekwa shambani, na marejea, mmea wa jamii ya mikunde, wanaipanda katikati ya uwele wanaifukia, Wamatengo nao wa Mbinga na ngoro zao, yale mashimo yao ya mteremkoni, wanafukia majani kwenye matuta. Lakini uliza zile kazi zilikuwa na jasho kiasi gani na mashamba yenyewe yalikuwa na ukubwa gani.

Na aliyeacha ghafla tuna mfano wake. Sri Lanka mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani, nchi nzima iende asilia, mpunga ukashuka, chai ikashuka, Novemba mwaka huo huo wakalegeza na baadae wakaagiza mchele kutoka nje. Nchi nzima hiyo, yenye mabwana shamba na maabara. Sembuse ekari mbili za Mbozi.

Kijana wa Karatu

*Habari za kazi mzee. Zizi letu mvua ikinyesha ni tope tupu, samadi tunaikwangua kiangazi tunairundika nje ya boma mpaka msimu. Nilisikia unasema samadi inapoteza nguvu ikitunzwa vibaya. Itunzwe vipi?*

Salama kijana wangu, na swali lako ndo ningependa kila mtu alisome kabla hajanunua hata kijiko cha mbolea, kwa sababu mi nimekuja kuamini kwamba samadi yetu nyingi inafia zizini. Shambani tunapeleka maiti.

Nikusimulie. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa nyumba na kijishamba nyuma, nikapata samadi nzuri ya ng'ombe wa maziwa, nikairundika ukutani kwa raha zangu, bila kujua ni pale maji ya bati yanapoangukia. Masika ilivyoingia kila mvua inapiga lile rundo, chini yanatoka maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yanajichorea mfereji yanaenda moja kwa moja kwenye mgomba wa jirani. Mi naangalia tu. Nilivyokuja kuisambaza kwenye mahindi yangu yalitoka njano kama mtu mwenye homa, na ule mgomba wa jirani ukatoa mkungu wa kubebwa na watu wawili. Alinikatia vichane viwili, akasema bwana shamba asante kwa mbolea. Nilinyamaza.

Ile chai ndo ilikuwa nitrojeni na potashi yangu. Sasa ujue na hili, nitrojeni anayotoa ng'ombe karibu nusu iko kwenye mkojo, sio kwenye kinyesi, na potashi ndo zaidi. Zizi la udongo lisilo na malalo, mkojo wote unazama ardhini au unapanda hewani, ile harufu kali inayokuwasha macho asubuhi ukiingia bandani ndo hela yako inaruka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni malalo. Mabua ya mahindi yakatekate, au majani makavu, tandika zizini yanywe mkojo, yakilowa ongeza mengine juu. Ukiweza kusakafia hata sehemu wanapolala na kuweka mteremko kidogo kwenda kwenye kishimo cha kukinga mkojo, umeshinda.

Kazi ya pili, toa zizini ukatengeneze rundo la kueleweka, sehemu ya mwinuko, chini ya mti au kibanda cha nyasi. Panga samadi na malalo yake, majani mabichi, mabua, tabaka kwa tabaka, kimo cha kiunoni mpaka kifuani, upana mita moja na nusu hivi. Unyevu wake ukiminya kwa mkono matone mawili matatu yatoke kati ya vidole, yakichuruzika ni maji mengi, yasipotoka mwagilia. Funika na turubai au majani ya mgomba, sio kwa urembo, ni kwa sababu ya jua na mvua vyote viwili. Chomeka nondo katikati, siku ya nne au ya tano ichomoe uishike, ikikuunguza kiasi cha kuiachia ujue ndani kuna nyuzi 55 na kuendelea, rundo linafanya kazi. Ikipoa baada ya wiki kama tatu, geuza, ya nje iende ndani. Miezi miwili mpaka mitatu inakuwa nyeusi, inamomonyoka, inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Majivu ya jikoni msimwage kwenye rundo, najua nyumbani wengi ndo jalala lao, majivu yanaifukuza mbio amonia, ile harufu kali iliyobeba nitrojeni. Yapelekeni shambani peke yake. Kama unaweza kupata mbolea ya Minjingu, hiyo ndo ya kuchanganya kwenye rundo, fosfeti yake inayeyuka polepole na huko ndani inapata muda.

Ukifanya haya, samadi ya asilimia moja inaweza kufika moja na nusu, na yenye kinyesi cha mbuzi hata karibu mbili. Rudi kwenye hesabu ya yule mama wa Mbozi, tani mbili zenye asilimia moja na nusu ni kilo 30, theluthi yake 10, hiyo tayari inakaribia nusu mfuko wa yuria, na kilo 3 hivi kati yake umezipata kwa kufunika tu rundo na kutandika mabua.

Mkulima wa nyanya, Ilula

*Bwana shamba nimelia. Nilinunua mbolea ya kuku magunia 30 kutoka kwenye banda la kuku wa nyama, nikaambiwa ni kali kuliko yuria, nikaweka kwenye mashimo na siku hiyo hiyo nikahamishia miche ya nyanya. Siku ya tano majani yamekauka pembeni, mingine imelala kabisa. Miche karibu nusu imekwenda. Shida nini na naweza kuokoa iliyobaki?*

Pole sana ndugu yangu, hiyo hasara naijua uchungu wake, mche wa chotara sio wa bure.

Hukudanganywa kwamba ni kali, ila hukuambiwa kwamba kali maana yake inaunguza. Kuku hakojoi pembeni kama ng'ombe, vyote vinatoka pamoja, na ule weupe unaouona juu ya kinyesi chake ukilowa unageuka amonia haraka sana. Sasa we umemzika mtoto wa nyanya mizizi ikiwa na majeraha ya kung'olewa kitaluni ndani ya shimo linalotoa amonia, alafu na chumvi nyingi juu yake. Ungua ile ya pembeni mwa majani ndo alama yake.

Iliyobaki, mwagilia maji mengi kwa siku mbili tatu mfululizo kuteremsha chumvi, na kama udongo bado uko legevu fukua pembeni ya mche upunguze ile mbolea kwa mkono, itupe katikati ya mistari. Kujazia mapengo subiri wiki mbili, na mche mpya uupande sentimita 15 pembeni ya shimo la zamani.

Magunia yaliyobaki yarundike kama nilivyomwambia kijana wa Karatu, wiki sita mpaka nane, na uangalie maranda. Mabanda ya kuku wa nyama maranda ni mengi kuliko kinyesi, na maranda yakiingia shambani kabla hayajaoza wale wadudu wa kuozesha wanaazima nitrojeni kwenye udongo, mimea yako inakaa njaa miezi. Ndo unasikia mtu kaweka mbolea ya kuku na mazao yamedumaa wakati jirani yamestawi, ile moja ilikuwa kinyesi, hii nyingine ni takataka za fundi seremala.

Kujua kama imeiva, chukua kiasi cha mkononi kikiwa na unyevu, funga kwenye mfuko wa nailoni siku tatu, ukifungua ikikupiga pua haijaiva. Au jaza kopo, changanya na udongo nusu kwa nusu, panda maharage kumi. Yakiota yakiwa na afya kwa wiki moja na nusu, nenda nayo shambani. Hilo kopo lingekuokolea laki zako.

Ikiiva ni mali kweli, tani moja kavu ina nitrojeni kama kilo 25, na karibu nusu inatoka msimu huo huo, yaani tani moja inakusamehe nusu mfuko wa yuria na fosfeti ya kupandia unakuwa huna haja nayo sana. Weka nusu lita kwa shimo, changanya na udongo, acha wiki mbili ndo uhamishie.

Mkulima wa Moiben, Uasin Gishu

*Salamu kutoka Kenya. Hii shamba nimepanda mahindi na DAP tangu mzee aniachie, sasa hata nikiongeza mbolea mavuno inashuka. Nimepima udongo imetoka pH 4.9. Jirani ananiambia mbolea ya boma peke yake itamaliza hiyo asidi. Ni ukweli?*

Asante ndugu kwa kupima, wewe uko mbele ya wengi. Jirani hajakosea sana lakini kwa 4.9, hiyo ni asidi nyingi, atakuchelewesha. Mbolea ya boma, ndo samadi yetu hiyo, inasogeza pH kidogo na inafunga ile alumini inayokata mizizi kwenye udongo wa asidi, sema inafanya hivo taratibu na kwa tani nyingi. Wewe unahitaji chokaa ya shamba, kiasi chake kitoke kwenye hicho kipimo chako, ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usimwage chokaa na mbolea ya boma siku moja, ni mambo yale yale ya majivu, amonia inapaa. Na DAP ya kila mwaka pia inachangia kuleta asidi, badilisha ya kupandia.

Alafu mna kitu kizuri huko kwenu ambacho mi hupenda kukitaja. Pale Kabete karibu na Nairobi kuna shamba la majaribio lililoanzishwa 1976, mahindi na maharage kila mwaka, vipande vingine havipewi kitu, vingine mbolea ya duka tu, vingine ya boma tu, vingine vyote viwili. Vya mbolea ya duka peke yake mavuno yaliendelea kushuka kadiri miaka inavyokwenda, na vilivyosimama vizuri zaidi ni vilivyopata zote mbili na mabua yakarudishwa shambani. Hilo ndo jibu lako na ndo jibu la yule mama wa Mbozi pia.

Baba wa Babati

*Tangu nianze kuweka samadi magugu yameongezeka mara mbili, mchicha pori ndo usiseme. Samadi inaleta magugu?*

Inaleta, ndio. Ng'ombe anakula majani na mbegu zake, nyingi zinapita tumboni salama kabisa zinatoka zikiwa na mbolea yake mkononi. Dawa ni lile joto la rundo, rudi kwenye nondo ya Karatu. Rundo ambalo halikuwahi kukuunguza mkono halijaua mbegu.

Dada wa bustani, Dar es Salaam

*Nalima mchicha na salad pembeni ya mto, nanunua samadi mbichi ya ng'ombe kwa kirikuu maana inafika kwa bei poa. Kuna mteja kaniuliza kama ni salama.*

Mteja wako ana akili, usimpoteze. Samadi mbichi ina vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo, na inatakiwa ipite kama miezi minne kati ya kuiweka mbichi na kuvuna mboga inayogusana na udongo. Mchicha wako unavuna ndani ya mwezi. Hesabu haikubali, kwa hiyo kwako wewe ni mboji iliyoiva tu, ile ya rundo la Karatu, na zaidi kwenye salad maana hiyo mtu anakula bila kupika. Na hayo maji ya mto nayo ni mjadala mwingine, niandikie tena tuongee.

Msomaji wa Songea

*Mzee kuna kijana kapita kijijini na chupa za mbolea ya maji ya asili, anasema lita moja inatosha ekari na inachukua nafasi ya mifuko miwili ya yuria. Watu wananunua kwa foleni. Kweli?*

Sijaiona hiyo chupa kwa hiyo siwezi kusema ndani kuna nini. Zipo mbolea za maji za kupulizia majani zinazosaidia, hasa pale mmea unapokosa kitu kidogo kama zinki. Na ipo bakteria ya kupaka kwenye mbegu za soya, hiyo nimeiona kwa macho yangu inafanya kazi, lakini kazi yake ni kwenye jamii ya mikunde, mahindi hayana habari nayo.

Ila wewe ukienda kwenye foleni muulize huyo kijana swali moja tu, kwa upole, mbele za watu. Mifuko miwili ya yuria ina nitrojeni kilo 46. Chupa yake ya lita moja ukiiweka kwenye mizani haizidi sana kilo moja na kitu. Hizo kilo 45 zingine kaziacha wapi? Akishindwa, ile hela peleka kwa mafundi wakakusakafie zizi.